Kitunga cha Mama Mkubwa

Siku ile, uani kwa mama mkubwa huko Vulamba, tulikuwa wanne: yeye mwenyewe, dada wa marehemu mama yetu; mdogo wangu wa kike, aliyefika kutoka Beni na mkungu wa ndizi; kitinda mimba wetu, mwanafunzi wa chuo, na simu yake ya kurekodia; na mimi, mkubwa wa hao ndugu, mshonaji wa nguo kule Mususa. Mbuzi wa jirani simhesabu, ingawa sauti yake imo katika kila rekodi.

Mama alikuwa Mpere. Mjini petu watu wanasema Kinande na Kiswahili, na mama alipokufa, mama mkubwa ndiye pekee aliyebaki akisema Kipere katika familia yetu. Kitinda mimba alikuwa bado anabebwa mgongoni. Mimi niliacha shule darasa la sita, nikashika cherehani, wadogo zangu wakakua. Sasa kitinda mimba alitaka jambo moja tu: asikie mama alivyokuwa anasema.

Alikuja na orodha ya Kifaransa kutoka chuo. Kichwa, mkono, maji, jua. Mama mkubwa alimpa maneno matatu tu. Alipoulizwa maji mara ya pili, alimwomba mdogo wangu ampe huyu mtoto kikombe, maana anaonekana ana kiu. Tulicheka mpaka simu ikaanguka.

"Lakini unauliza mutu kama uko polisi," mama mkubwa akamwambia. "Leteni mianzi. Miye nasema Kipere wakati mikono iko na kazi."

Nilijua ni kweli. Yeye na mama walisuka vitunga vya kuuza sokoni, na wakati wa kusuka hawakugusa lugha nyingine. Basi Jumapili iliyofuata, baada ya misa, tukaleta mianzi, tukaichana na kuilowesha. Maneno yakaanza kumiminika: ya kuchana, ya kukunja, ya kukaza, hata la ukingo unaokataa kufunga. Kitinda mimba aliandika mpaka kalamu ikaisha wino.

Kusuka nilisuka mimi. Nilivuta ukanda upande usiofaa, mama mkubwa akanigonga kidole na kunikaripia kwa Kipere kwamba nasuka kama kuku anayeparua. Mdomo wangu ukamjibu kabla sijafikiri, kwa Kipere, kama nilivyomjibu mama nikiwa na miaka tisa: kuku naye anashiba.

Simu ilikuwa imewaka, inarekodi. Kitinda mimba aliniangalia.

"Yaya," akaniita, yaani mkubwa wake, "mama alikuwa anasema hivi?"

"Hivi hivi. Na miye nilikuwa namujibu hivi hivi."

Akarudisha rekodi, akasikiliza mara tatu, mbuzi akiwemo, akitabasamu peke yake.

Sasa, kwao mama, anayefundishwa kusuka humpa mwalimu kitunga chake cha kwanza. Changu nilikipeleka. Mama mkubwa alikiweka chini, kikalala upande. Akauliza kama nacho kimechoka na safari ya kutoka Mususa. Akakifumua chote, akataja kila kosa kwa Kipere, na rekodi zikaongezeka. Nimepeleka vinne tangu hapo. Cha mwisho kilisimama, lakini alipotia maharage, yakavuja.

"Rudi nacho," akasema. "Deni yangu hapana kwisha na kitunga cha kuvuja."

Ninamdai maneno mengi bado, na yeye ananidai kitunga kimoja.