Zamu Iliyokwama Ng'ambo

Jirani yangu anayeuza chikwangue, ile mikate ya muhogo, ndiye aliyeniambia kwanza: redio ya wanafunzi inapiga muziki tu siku hizi, ila inasikika mpaka ng'ambo. Ng'ambo ndiko alikokwama mume wangu, tangu vita ikataze mitumbwi kuvuka mto. Hajui kwamba nimejifungua. Kwetu baba ndiye anayempa mtoto jina, basi wangu anaitwa Mutoto tu.

Nikaenda chuoni. Nilimkuta mwanafunzi mmoja peke yake, ana waya shingoni.

“Watangazaji wako wapi, kaka?”

“Kila fakilte ya chuo iko na zamu yake ya kutangaza, mama. Ba zamu hii wote banakaa ng'ambo. Bamekwama.”

“Basi nisomee wewe tangazo langu.”

Alicheka, akainamia mashine. “Mimi iko mutu wa nyaya. Mbele ya mikro natetemeka. Bon, sema mwenyewe.”

“Naona haya.”

“Alors, tuko wawili.”

Nikarudi nyumbani. Vita hii imetuachia umeme, mashine na muziki, ikachukua midomo. Jioni nilisimama ukingoni nikitazama moshi wa majiko ya ng'ambo, nikijiuliza upi ni wake.

Asubuhi iliyofuata nilirudi na mtoto mgongoni. Mwanafunzi yule aliwasha mikro, kisha akanigeuzia mgongo nisione haya. Nikasema: “Papa ya mutoto, ni binti. Iko na masikio yako. Jina, tunakungojea.”