Picha ya Kichwa cha Fundi

Shemeji yangu ni fundi cherehani. Mtaani wanamwita Rula, kwa kuwa mshono wake hunyooka hata asipochora chaki. Mwaka jana mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka kila alipoulaza pajani. Mishono ikapinda, wateja wakanong'ona kuwa analewa, na dada yangu, mkewe, akaanza kunusa vikombe.

"Sijaonja pombe tangu nikuoe," Shemeji aliapa.

"Mkono wako unasema vingine."

Nikawapeleka hospitali ya rufaa. Daktari alituambia ndani kabisa ya ubongo zipo seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kuanza mwendo na kuuongoza. Seli hizo zikifa, mkono huweza kutetemeka hivi. Angemdunga Shemeji dawa yenye mionzi kidogo, ikanase kwenye ncha za seli zilizo hai, na kamera ingeiona.

Alidungwa asubuhi. Alasiri wakamlaza chali, kichwa kimefungwa mkanda, kamera ikimzunguka polepole. Baadaye mpiga picha alitoka kashika kiuno.

"Huyu mzee anaendesha baiskeli? Kichwa kinacheza, picha yote ukungu!"

Dada aliangua kicheko, cha kwanza siku hiyo. "Ni mguu wake. Akiwaza, anakanyaga cherehani. Hata usingizini ananikanyagia mimi."

"Nilikuwa namalizia koti la watu," Shemeji alijitetea kutoka ndani.

"Baba, dawa inafifia mwilini," mpiga picha akamwambia. "Tunarudia mara moja tu."

Dada akaingia, akamwinamia. "Achana na koti. Shona vifungo."

Vifungo hushonwa kwa mkono. Mguu ukatulia tuli.

Daktari alituonyesha kwanza picha ya mtu mzima wa afya: katika giza la ubongo, alama mbili za mkato zinazong'aa, zimepeana mgongo. Kisha akafungua ya Shemeji. Ya kulia ilikuwa na mkia wake. Ya kushoto ilikuwa imepoteza mkia, imebaki nukta.

"Upande wa kushoto ndio unaoongoza mkono wa kulia," alisema. "Ni ugonjwa wa Pakinsoni. Hauponi, ila dawa za kuutuliza zipo. Pombe haihusiki."

Suruali zangu zote, gauni la harusi la binti yangu, sare za watoto wa mtaa mzima, vyote vilianzia kwenye vile vimwanga viwili, kila kimoja kidogo kuliko kidole gumba. Na mwenyewe alikuwa hai, ameketi pembeni yangu, anajitazama ndani.

Dada alisogea hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo cha kompyuta. "Nisamehe, mume wangu."

Shemeji hakubandua macho kwenye picha. "Daktari, nichapie hiyo. Naitundika dukani, juu ya kioo cha wateja."

"Wakiuliza ni nini?" dada akasema.

"Waambie ndiyo chupa yangu."

Dada aliitundika kwa mkono wake mwenyewe.