Chai ya Shamba la Juu

Mimi chai sinywi. Mtu wa Kericho asiyekunywa chai ni kichekesho, najua, na wajukuu wangu wamenitania mpaka wamechoka. Nikienda kwa watu naomba maziwa, au uji, au hata maji matupu, na mwenye nyumba akinuna shauri yake.

Miaka ile, kabla nzige hawajaja, nilikuwa mpishi wa mzungu mmoja upande wa Kedowa. Tuliishi kwenye ardhi yake, mimi, mke wangu na mama yangu mjane, kwa masharti ya siku hizo: wewe unamfanyia kazi, yeye anakuachia kipande cha kulima. Ardhi yenyewe ilikuwa ya babu zetu kabla hajafika, lakini hilo halikuwa jambo la kusemwa ukiwa umeshika sinia lake.

Mama alilima wimbi katika vipande viwili. Kimoja kilikuwa juu, kwenye mteremko unaotazama jua la asubuhi, udongo mwekundu, mvua ikikatika tu maji yameshateremka. Kingine kilikuwa bondeni karibu na mto, udongo mweusi mzito, umande unalala hapo hadi saa nne. Mbegu ilikuwa moja, jembe moja, mkono mmoja. Lakini pombe ya wimbi la juu ilikuwa kavu na nyepesi, ina harufu ya vumbi linapoguswa na mvua ya kwanza, na ya wimbi la chini ilikuwa nzito, tamu, inayogeuka haraka kuwa kali. Wazee walioitwa kunywa hiyo ya chini walikuwa wakivuta mrija mara moja tu, wanalalamika kwamba mama amewanyima ile ya juu. Na si pombe peke yake. Mvua ikizidi, wimbi la bondeni lilikuwa linaoza likiwa bado kwenye masuke, tunabaki kula la juu. Bila kile kipande tungekufa njaa, hakuna cha kuficha.

Memsabu hakuwa Mwingereza kama mumewe. Alizaliwa Ufaransa, binti wa mkulima wa mizabibu. Kiswahili chake kilikuwa kile cha jikoni, lakini akianza habari za mizabibu haishiwi maneno. Siku moja alifungua chupa mbili za mvinyo mweupe akanimiminia kidogo kidogo katika gilasi mbili, nionje. Alisema zabibu ni za aina moja, mkulima ni baba yake yuleyule, mwaka ni uleule, na kati ya mashamba hayo mawili kuna njia ya mkokoteni tu. Mvinyo wa kwanza ulinikata ulimi, una ukali wa ndimu na harufu ya jiwe lililogongwa. Huo, alisema, unatoka juu ya njia. Udongo wa hapo ni haba, chini yake ni mawe ya chokaa, mzabibu unateseka kutafuta maji, na mvinyo wake hutaka kuachwa miaka ndipo ufunguke. Wa pili ulikuwa mnene, una asali ndani yake. Huo ni wa chini ya njia, kwenye udongo wa kufinyangia vyungu, mahali mzabibu unaposhiba bila taabu. Kwao kila kipande kina jina lake, na mnunuzi huuliza kwanza jina la kipande, la mkulima baadaye.

Nikamwambia hata kwetu ni hivyo, nikamweleza juu ya mama na wimbi lake. Alifurahi kama mtu aliyekutana na jamaa yake safarini.

Jioni nikamsimulia mama. Yeye hakufurahi. Aliniuliza hao Wafaransa wakinyang'anywa kipande chao wanafanya nini.

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Bwana alikuwa amepanda miche ya chai kwenye tambarare kando ya barabara, maji yakasimama, mizizi ikaoza, miche yote ikawa ya kuwashia moto. Sasa alitaka mteremko. Kulikuwa na miwili: wetu, na mwingine ng'ambo ya mto uliokuwa kichaka kitupu. Nyapara alituambia Bwana hajaamua bado, ila akichagua wa kwetu sote tutashushwa bondeni. Kwa Bwana shamba lilikuwa shamba, ukubwa ukiwa sawa huna la kunung'unikia.

Mama alikonda kwa wasiwasi. Kisha akapata wazo, na mimi nililiona ni wazo zuri kabisa. Alipika pombe mbili, moja ya juu na moja ya chini. Alikaanga unga uliochachuka, akachanganya na kimea, akangoja mpaka zikaiva.

"Huyo mama aonje," aliniambia. "Yeye anajua mambo ya udongo. Mtu anayejua hawezi kukubali kipande kile kichimbuliwe."

Tukaenda na vibuyu viwili. Mama aliketi chini penye baraza, Memsabu akashuka akaketi karibu naye, kitu ambacho sikuwahi kukiona. Alionja kimoja, akaonja cha pili, akarudia cha kwanza. Kabla hajaambiwa lolote alinyoosha kidole kuelekea mteremko. Macho yake yalilowa. Akamshika mama mkono.

"Mama, hapana shamba ingine kama hii. Mimi nitaambia Bwana leo."

Njia nzima ya kurudi mama aliimba.

Na kweli Memsabu alimwambia. Nilikuwa nikiwapa supu mezani, na Kiingereza cha mezani nilikuwa nimeshakizoea. Alimsihi mumewe kwa moyo wote. Alisema kipande kile hakina mwenzake, udongo ni mwekundu na una kina, jua la asubuhi linakifikia kwanza, mvua kubwa ikinyesha hakuna dimbwi linalobaki. Bwana akaweka kijiko chini. Aliuliza neno moja tu, kama ni kweli maji hayasimami pale kabisa. Masikini yule mwanamke akajibu, kabisa. Mimi nilikuwa nyuma ya kiti na bakuli mkononi, na nilielewa kabla yake.

Asubuhi wanaume wa majembe walikuwa kwa mama. Wimbi lilikuwa bado bichi. Aliwashika mikono mmoja mmoja, akawaomba wangoje avune tu, nao walikuwa wameagizwa. Memsabu aligombana na mumewe hadi sauti ikamkauka, kisha akajifungia chumbani. Kichaka cha ng'ambo kikaachwa kama kilivyokuwa.

"Si tulimwambia ukweli?" mama aliniuliza.

Nikasema ndiyo.

"Basi nini tena?"

Tukashuka bondeni. Sitaki kuisimulia miaka hiyo, watu wa rika langu wanaijua. Kifua cha mama kiliharibika kwa ule umande.

Chai ilipokomaa, Memsabu alichuma mwenyewe majani ya ule mteremko, akayakausha mbali na mengine, akanipa kwenye mkebe. Alisema nimpelekee mama, ni ya shamba lake peke yake, haikuchanganywa, na nisitie maziwa. Alikusudia wema. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo, kwamba sina hata mahali pa kuipeleka hasira yangu.

Nilimchemshia mama. Aliinusa kwanza, akanywa kidogo, akafumba macho.

"Ndilo lenyewe," akasema. "Halijabadilika."

Akaimaliza yote, akanirudishia kikombe, akauliza kama kuna chochote cha kula. Hakukuwa na kitu.