Mpishi wa Sabuni Aliyependa Kura za Amerika

Wenzangu mliokulia mtaa wa Jabe, hapa Bujumbura, siku zile ambapo simu ilikuwa kitu cha kwenye meza ya patroni, mwenye kiwanda, nisaidieni kukumbuka, maana vijana wakinisikia wananicheka. Wanadhani uchaguzi wa Amerika wameugundua wao, pamoja na intaneti. Ukikaa karibu nao dakika tano utaelezwa, kwa upole ule wa kumweleza mgonjwa namna ya kumeza dawa, kwamba kule mtu anaweza kupata kura nyingi na bado akashindwa. Mimi nasikiliza mpaka mwisho na kushukuru kwa somo. Siwaambii kwamba jambo hilo lilitokea nyumbani kwetu nikiwa darasa la tano, na kwamba sisi hatukulitazama kwenye simu, tulilala nalo na kuamka nalo.

Baba alikuwa mpishi wa sabuni. Kiwanda kilikuwa mwendo wa kutembea kutoka nyumbani, na yeye alikuwa kwenye sehemu iliyoitwa majiko, ambako mawese yalichemshwa pamoja na soda kostike, ile dawa kali inayokula ngozi bila kupiga hodi. Ndiyo maana alinukia vizuri kuliko wanaume wote wa Jabe na alikuwa na mikono mibaya kuliko wote. Alipopita akitoka kazini tuliacha kuruka kamba, tukamfuata nyuma tukimnusa. Mama alipenda kusema kwamba ameolewa na mche wa sabuni, tena ule wa kufulia.

Baba alipenda vitu viwili, sendika, yaani chama cha wafanyakazi wa kiwandani, na redio. Wadogo zangu na mimi tulikuwa na kazi moja isiyo na likizo, kuanika betri juani. Zilipochoka tulizipanga juu ya bati kando ya ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, zikapata joto, zikafufuka kwa robo saa, na robo saa hiyo baba aliitumia kusikiliza habari za Amerika. Kwa nini Amerika, sijui mpaka leo. Hakuwa na ndugu kule, hakujua neno la Kiingereza, na ramani yake ilikuwa ukurasa wa kalenda ya zamani ambao panya walikuwa wamekula upande wote wa magharibi. Lakini msimu wa kura zao ulipofika, asubuhi kabla ya kazi ua wetu ulijaa wanaume wa majiko, kila mmoja na kikombe chake cha chai ya tangawizi, na sisi watoto tulikatazwa hata kukohoa.

Asubuhi moja redio ikasema kwamba kule Amerika vyama vya wafanyakazi hutangaza hadharani vinamuunga mkono nani, na kwamba mtu anayetaka urais huamka mapema akasimama kwenye geti la kiwanda, akawasalimia watu kwa mkono, mmoja baada ya mwingine. Baba aliweka kikombe chini. "Mumesikia? Mutu anataka kuwa rais, njo anaanza na watu wa majiko." Jumapili hiyo hiyo sendika ikaitisha kikao. Wanaume wazima walikaa juu ya makreti uani kwetu, wakabishana tangu baada ya misa mpaka ugali ukapoa, na mwishowe sendika ya kiwanda cha sabuni cha Bujumbura ikatoa azimio la kumuunga mkono mgombea mmoja wa urais wa Marekani. Liliandikwa kwa Kifaransa, likapigwa muhuri. Hakuna aliyejua litumwe wapi, kwa hiyo baba akalihifadhi ndani ya sanduku la nguo. Mgombea yule alishindwa. Baba alisema kwa uchungu wa kweli kwamba kama tungeituma ile karatasi, mambo yangekuwa mengine.

Na sisi watoto hatukubaki nyuma. Tulisikia kwamba kule wana chama cha punda na chama cha tembo, tukagawana timu za kuvuta kamba. Hakuna kati yetu aliyewahi kumwona punda wala tembo, lakini sote tulijua kwamba punda ni tusi, kwa hiyo kila mchezo ulianza kwa ugomvi na mara nyingi uliishia hapo hapo. Leo nikiwaona watu wazima wakitukanana kwenye simu kwa ajili ya wanyama hao hao, najisikia kama mtaalamu mstaafu.

Yote haya yangebaki kichekesho tu kama si Papa Zaina. Alikuwa jirani yetu, alipika kwenye sufuria moja na baba, na binti yake Zaina alikaa nami benchi moja shuleni. Kiwandani hakukuwa na glavu. Patroni alisema glavu zinawafanya watu kuwa wazembe. Siku moja soda ikaruka kutoka kwenye sufuria ikamuunguza Papa Zaina mkono wa kulia, kuanzia vidole mpaka kiwiko. Patroni akampa katoni mbili za sabuni na barua ya kumwambia kwamba hahitajiki tena. Nilimwona Zaina akibeba katoni moja kichwani, baba yake akitembea mbele na mkono umefungwa kitambaa, na nilitaka kulia lakini Zaina hakulia, nikajizuia.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeruhusiwa kuingia biro, ofisi ya patroni, kudai Papa Zaina arudishwe kazini, naye ni delege, msemaji wa sendika, na muda wa delege wa zamani ulikuwa umekwisha. Ikabidi wapige kura. Baba akasimama akaahidi mambo mawili, Papa Zaina arudi apewe kazi nyepesi, na glavu kwa kila mtu. Aliyeshindana naye alikuwa Evariste, karani wa biro, mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni, ambaye aliahidi amani. Kiwanda ni familia, alisema, na watoto wenye adabu hawaombi glavu. Hata sisi wa darasa la tano tulielewa kwamba baba akishinda Papa Zaina anarudi kazini, na Evariste akishinda harudi.

Wafanyakazi karibu wote walikuwa wa baba. Ilitosha kunyoosha mikono kama miaka yote. Lakini baba yangu, mpenzi wa Amerika, angewezaje kukubali ushindi wa kishamba namna hiyo? Alisimama kikaoni akasema, "Tufanye kama wakubwa." Kila sehemu ya kiwanda iwe jimbo lake, majiko, ufungaji wa sabuni, depo ya mizigo, mashofera wa kamioni, wazamu wa kulinda geti, na biro. Mwenye majimbo mengi ndiye delege. Redio ilikuwa imeeleza pia kwamba jimbo lenye watu wengi lina uzito zaidi, hilo nimelijua ukubwani, ila betri zilizimika kabla ya kufika hapo. Sisi tulisikia nusu ya kwanza tu, tukaona inatosha. Evariste, ambaye hesabu ndiyo ilikuwa kazi yake, aliunga mkono hoja kabla baba hajakaa. Hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Kampeni ilikuwa tamu, sitawadanganya. Baba alisikia kwamba kule wagombea hubeba watoto wa watu, basi akapita Jabe nzima akinyakua watoto migongoni mwa mama zao, akawainua juu, na wawili wakamkojolea shati la Jumapili. Alisikia kwamba mke wa mgombea husimama kando yake akitabasamu, akamwomba mama apande juu ya kreti mbele ya geti la kiwanda apungie watu mkono. Mama alipanda. Kuhusu kutabasamu alisema, "Mi nitacheka kama kuna mutu amenichekesha. Apana vile." Akasimama pale na uso wa mtu anayesubiri matokeo ya vipimo. Mimi na Zaina tuliimba jina la baba mpaka sauti zikakauka, na wanawake wa ufungaji wakatupa maandazi, na watu wa majiko wakapiga masufuria kwa miti ya kukorogea. Kila siku baba alikwenda kwenye majiko na ufungaji, kwa sababu huko ndiko walikompigia makofi.

Evariste hakukanyaga kwenye majiko hata siku moja. Hakubeba mtoto wa mtu. Aliwatembelea wazamu wanne, akakaa nao kibandani akawasikiliza kuhusu mvua. Aliwatembelea mashofera watano, akakubali kwamba viti vya kamioni vinaumiza mgongo. Aliwauliza wa depo habari za nyumbani. Sisi tulimhurumia. Tulisema, tazama mtu aliyekosa wafuasi, anazunguka kwenye vijumba.

Kura zilipigwa Jumamosi mchana, ndani ya ndoo sita, mbele ya watu wote, na watoto tukichungulia getini. Majiko, baba. Ufungaji, baba, na hapo tulianza kucheza. Depo, Evariste. Mashofera, Evariste. Wazamu, Evariste. Biro ilikuwa na watu watatu, mmoja wao akiwa Evariste mwenyewe. Majimbo manne kwa mawili. Nyuma ya baba walikuwa wamesimama watu wengi hata uwanja ukaonekana mdogo, na nyuma ya Evariste kulikuwa na kivuli cha kutosha kukalia. Demokrasia ya hali ya juu kabisa, wenzangu, na sisi ndio tulioileta Bujumbura bila hata kuombwa.

Jioni watu wa majiko walikuja nyumbani. Hawakukaa. Walisema Jumatatu hawawashi moto mpaka Papa Zaina arudi, delege awe nani au asiwe nani, wanamsubiri baba tu aseme neno. Papa Zaina mwenyewe alikuwa amesimama karibu na mlango, mkono umefungwa. Na baba akasema kwamba kule Amerika mgombea aliyeshindwa humpa mkono aliyeshinda, na kwamba sheria tuliipitisha wenyewe, na kwamba Jumatatu kila mtu aende kazini. Aliyasema kwa sauti nzuri sana, kama ya redioni. Papa Zaina aliitikia kwa kichwa, akasema "Sawa, ndugu yangu," akaondoka. Mama alisubiri watu watoke ndipo akasema, "We umeshindwa na sheria yako. Papa Zaina, yeye ameshindwa na sheria gani?" Baba aliinuka akaenda kutafuta pasi. Jumatatu alivaa shati lililopigwa pasi akaenda biro kumpa Evariste mkono.

Delege mpya alifanya kazi haraka. Katika kikao chake cha kwanza na patroni walikubaliana kwamba jambo la Papa Zaina limekwisha, na biro ikapata saa mpya ya ukutani. Kabla ya mwisho wa muhula Zaina na wazazi wake walihamia mtaa wa Kinama, ambako kodi ilikuwa nafuu, na benchi letu likabaki na mtu mmoja. Mwalimu alisema nina bahati, nina nafasi ya kutosha kuandika. Nilimkasirikia baba miaka mingi. Nilimkasirikia kwa sababu alikuwa mtu mwema na watu walimpenda, na siku moja tu walipomhitaji, alikwenda kuwa Mwamerika.

Uzeeni aliniambia mwenyewe, bila kuulizwa, akiwa anachambua mboga za lengalenga na mama. "Walikuwa wanangojea neno moja tu. Mi nikawapa hotuba." Halafu akaendelea kuchambua. Alimtembelea Papa Zaina Kinama kila Jumapili mpaka mmoja wao alipokufa, na wakisalimiana walitumia mkono wa kushoto, wote wawili.

Basi, huo ndio uliokuwa uchaguzi wetu. Tulikuwa washamba, tulisikia nusu ya habari kwa betri zilizoanikwa na ndagala, tukaharibu kila kitu kwa mikono yetu. Siwezi kuwaringia vijana. Wao wana habari nzima. Mwanangu Olivier anafanya kazi kwenye kampuni moja hapa mjini, ndani ya ofisi yenye kiyoyozi, na anajua majimbo yote ya Amerika, yapi yamekwisha kuamua na yapi bado, na vyama vya wafanyakazi vya huko vinamtaka nani. Juma lililopita, tukila, alisema kwamba mwenzao mmoja amefukuzwa kazi. Aliugua, akakosa siku kadhaa, akakuta barua mezani. Nikamuuliza delege wenu amesema nini. Akaniangalia kana kwamba nimetaja mnyama aliyetoweka. Nikamuuliza basi, ninyi wenzake mmesema nini.

"Mama, sisi tutasema nini?"

Nikamuuliza jina lake ni nani, huyo aliyefukuzwa. Aliacha kula. Alifikiri, akafikiri tena, na kwa heshima yake niseme kwamba alijitahidi. "Jina limenitoka," akasema. "Alikuwa anakaa karibu na mlango." Simu yake ikalia, akaiangalia, uso ukamchangamka. Huko Pensilvania walikuwa wameanza kuhesabu kura.