Kwa Mkwe Wangu, Chini ya Shamba Lisilo na Ngoro

Nilitoka Ngumbo, kwetu kando ya ziwa, kwa sababu mwanangu Hilda alikuwa amejifungua kule juu Umatengo. Ulikuwa uzazi wake wa kwanza, na kwetu mama ndiye anayekwenda kumkanda binti yake. Wakati huo wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kupanda milimani na magari yao kutafuta kahawa, na mume wa Hilda, Otmari, alisifiwa mpaka huku ziwani kwa wingi wa mibuni yake. Nikaondoka nimefurahi. Furaha yenyewe haikufika mbali.

Asubuhi na mapema niliongozana na wachuuzi wa usipa, wale dagaa wa ziwani. Mimi nimezaliwa ufukweni, nimezoea ardhi inayolala. Ile njia ya Umatengo imesimama. Katikati ya mlima nilitazama chini mara moja tu, nikaona ziwa limekuwa dogo. Sehemu iliyobaki niliipanda nikishika majani, huku wachuuzi wakinicheka.

"Mama, mlima hauumi," mmoja akaniambia.

"Tangulia kuanguka wewe, kisha uniambie," nikamjibu.

Siku ya pili, jua likiwa limepanda, tuliingia kwenye mashamba ya Wamatengo. Huko hata mlima ulio kama ukuta unalimwa. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza zikikatizana, zifanye miraba. Wanawake huja nyuma na majembe, wakachimba katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi kwa udongo huo. Hapo hubaki shimo lililozungukwa na matuta, ndiyo ngoro. Mazao hukaa juu ya matuta, na mvua hutulia shimoni ikazama polepole. Nilizitazama zile ngoro, safu juu ya safu, moyo ukapoa kidogo.

Mchana nilifika kwa Hilda. Nyumba ilijengwa mahali palipochongwa ubavuni mwa mlima, na ukingo mrefu wa udongo ulisimama nyuma ya chumba alicholala na mtoto. Nikainua macho juu ya ukingo nizione ngoro. Hazikuwepo. Shamba lote lilikuwa matuta marefu yaliyoshuka moja kwa moja kutoka juu, na mifereji yake yote imeelekea kwenye nyumba.

Mama Otmari, mama wa mkwe wangu, alikuja kunipokea kutoka kwake ng'ambo ya kibonde. Salamu zilipokwisha nikamuuliza kuhusu yale matuta.

Akashusha sauti. "Hilda alikuwa mzito, asingeweza kufukia nyasi. Wanawake wengine wako kwenye vibarua vya kahawa. Na mimi mgongo ndiyo huu. Otmari akaita vijana wapige matuta ya haraka. Nimesema mpaka nimechoka, Mama Hilda."

"Mwambie tena."

"Mwambie wewe," akasema, akacheka, maana alijua siwezi. Kwetu na kwao, mama mkwe hasemi na mkwe wake wa kiume ana kwa ana. Otmari akiingia uani, mimi nilijifanya nina kazi jikoni. Nikitoka mimi, yeye alipita nyuma ya nyumba.

Kesho yake mvua ikaanza, na haikukata. Kila nilipomkanda Hilda nilisikia maji yakishuka kwenye mifereji na kupiga ukingo, nikawa nasimamisha mikono nisikilize. Hilda alidhani nimechoka.

Jioni moja, kabla giza halijaingia, nilikwenda nyuma kumwaga maji, nikaona ufa juu ya ukingo. Mkono wangu ungeingia. Nikatafuta mtu wa kunisemea. Mama Otmari alikuwa kwake. Otmari alikuwa peke yake, amesimama kibarazani akikwangua tope kwenye jembe. Jamani, niliogopa ule ufa, na niliogopa kufungua mdomo.

Nikaenda nikasimama mbele yake. "Otmari, ukingo umepasuka. Mtoe mke wako."

Akageuza uso ukutani kwa aibu. "Mama, kitovu cha mtoto hakijakatika. Hawatoki."

"Kitakatikia kwa mama yako. Ingia sasa hivi!"

Akaingia. Alimshika Hilda kiunoni, mimi nikambeba mtoto chini ya kanga, tukakimbilia kwa Mama Otmari tukiteleza. Tulikuwa tumefika kwenye kibonde niliposikia kishindo kizito nyuma yetu. Tukageuka. Chumba hakikuwepo. Palikuwa na udongo mwekundu mtupu na ncha ya bati. Otmari akakaa chini kwenye tope akalia.

Mvua ilipopungua alifyeka nyasi mwenyewe, akazilaza shamba zima. Wanawake wa kijiji waliacha vibarua wakaja kufukia. Hata Mama Otmari alikuja na mgongo wake, na mimi nikachimba nimepiga magoti, maana kusimama kule juu nilishindwa. Nilimsihi Hilda turudi wote Ngumbo.

"Nikafanye nini huko, mama? Kwangu ni hapa," akasema.

Siku ya kurudi, Otmari alinisindikiza mpaka njia inapoanza kushuka, akitembea mbele bila kugeuka. "Mama," akasema akitazama mbele, "mvua nyingine sitasubiri useme wewe."

"Usisubiri," nikamwambia.

Nilichojifunza ni kwamba mlimani udongo hukaa kwa sababu watu wameukalisha, na mwaka ambao wamekwenda kwenye kazi nyingine, nao unaondoka.

Nyumbani baba yake Hilda alinipokea mzigo, akauliza mjukuu amefanana na nani. Nikataka kumweleza, nikashindwa. Nilimbeba mtoto yule siku zote zile, lakini kila nilipojaribu kuikumbuka sura yake, kilichonijia ni ukingo.