Namsikia Mjukuu Wangu Akiruka Mistari

Jina langu lifunikeni kabisa, maana hapa Mwanjelwa, Mbeya, tunajuana hadi sufuria za jikoni. Mimi ni bibi wa miaka sitini na nne, mjane, nalea mjukuu wa kike wa miaka kumi na tano. Mama yake, binti yangu, anafanya kazi Dar, na ndiye aliyemtumia simu. Mwaka mzima naumwa kichwa na hiyo simu, jamani nimechoka!

Sikumwachia hivihivi, msinione mjinga. Niliweka sheria: kila jioni akimaliza kuosha vyombo anakaa hapa kwenye mkeka, ananisomea meseji zote za siku hiyo, maana macho yangu hayashiki tena herufi ndogo. Nikajisifu kwa majirani, eti kwangu mtoto hafichi kitu.

Wiki iliyopita alikuwa anasoma, akasita. Kidogo tu, kama mtu anayemeza mate. Halafu akaendelea harakaharaka, "Neema wa darasani kwetu anasema hesabu za leo zilikuwa ngumu." Kule kusita nakujua vizuri, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nasita hivyohivyo.

Miaka ya sabini nilikuwa na umri kama wake, tunaishi mlimani nje ya mji wa Mbeya. Simu tungeitoa wapi? Tulikuwa na safu ya marafiki wa kalamu gazetini. Unatuma jina, umri, unachopenda na anwani. Kanisani kwetu wote tulitumia sanduku moja la posta, na Jumapili ibada ikiisha mzee wa kanisa alisimama mlangoni akaita wenye barua. Mimi niliitwa mpaka watu wakaanza kugeuka kunitazama.

Baba alikuwa mkali, na hakujua kusoma. Madarasa ya watu wazima yalikuwepo, tena bure, lakini yeye alisema ana msomaji nyumbani. Msomaji mwenyewe mimi! Kila barua nilimsomea, naigeuza kwa Kisafwa chetu, naye anachonga mpini wa jembe huku anatikisa kichwa. Barua nyingi zilitoka kwa mmoja aliyejitambulisha kuwa mwanafunzi wa Iringa, miaka kumi na saba. Akiandika "nakuwaza mchana na usiku," mimi nasoma, "anauliza kama mahindi yamekomaa." Akiandika "nitumie picha," nasoma, "anawasalimu wazazi." Baba anasema, "Kijana ana adabu huyu. Mjibu vizuri."

Nikamjibu vizuri! Akaniandikia tukutane Igawa, eti ndiyo katikati yake na yangu. Nikadanganya nyumbani kwamba naenda kwa shangazi, nikapanda basi. Aliyenipokea kituoni hakuwa mwanafunzi. Alikuwa mtu mzima, rika la baba yangu, ana koti begani. Akaniagizia wali na soda, akasema nisiwe na wasiwasi, chumba amekwishalipia. Nikausogeza wali pembeni. Mama mwenye kibanda cha chakula aliniangalia, akamwangalia yule mtu, kisha akanifokea mbele ya watu: "Wewe! Mama yako anakutafuta tangu asubuhi, hebu inuka!" Sikuwa namjua hata kidogo. Akanikokota mkono hadi kwenye lori la mahindi lililokuwa linakuja Mbeya, akamwomba dereva anifikishe. Hiyo ndiyo pona yangu.

Mnadhani nilisema? Thubutu! Jumapili ya pili ikaja barua nyingine, matusi matupu. Baba akachukua mpini wake, akaniambia, "Soma." Nikasoma, "Anawasalimu wote, masomo yamembana, hataandika tena." Baba akasikitika kweli. Alikufa akimsifu yule mtu. Mpaka leo namkasirikia baba, kwa nini hakumpa hata mwalimu amsomee barua moja tu? Halafu najitazama mimi. Nimefanya kosa lilelile, nimempa mtoto ninayemchunga ajichunge mwenyewe.

Juzi mjukuu akaja na maneno ameshayapanga. "Bibi, Jumamosi naomba niende Igawa. Kijijini kwa akina Neema kuna kipaimara."

Igawa! Nikamuuliza nani mwingine anamwandikia. Akavuta mdomo, "Bibi jamani, si nakusomea kila kitu? Unataka nini tena?" Nikampigia mama yake, naye akaniambia, "Mama, unamwonea mtoto. Dunia imebadilika." Imebadilika nini? Barabara si ileile, na mabasi si yanashusha palepale?

Nimemkataza. Amenuna, hali chakula. Lakini ziko Jumamosi nyingine, na simu nikimnyang'anya ataazima ya mwenzake. Kilichobaki ni kumweleza Igawa yangu, na kabla ya leo sijawahi kumweleza mtu, hata marehemu mume wangu. Hapa kanisani mimi ndiye ninayewafundisha wasichana adabu. Nikimwambia nilimdanganya baba yangu mpaka akaingia kaburini, si ataniambia, "Kumbe na wewe bibi ulikuwa hivyo"? Nikinyamaza, nani kaniambia yule mama wa kibanda bado yupo kumsubiri?

Haya anayeniandikia ni jirani yangu, mwalimu mstaafu, kwa sababu mwandishi wangu wa siku zote ni huyohuyo mjukuu. Wenye watoto na wenye wajukuu, nisaidieni mawazo: nimfungulie kifua changu, au kuna njia nyingine ambayo mimi siioni? Msinicheke, nijibuni upesi. Na mjue kwamba ukurasa huu wa gazeti lenu ni yeye anayenisomea, kila Jumapili tukitoka kanisani. Akifika kwenye kisa hiki nitakaa kimya kwenye mkeka, nisikilize ataruka wapi.