Dawa ya Pamba Kidimbwini

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Septemba, saa tatu asubuhi, katika miaka ya sabini, kaka yangu Mutuku alipotia kidimbwini dawa ya pamba, ile ya kuulia wadudu. Nilipokuwa mtoto, mto wetu karibu na Kanyangi ulikauka kila kiangazi, ukabaki mchanga na kidimbwi kimoja chini ya mwamba. Nyanya yetu, tuliyemwita Susu, alisema kidimbwi hicho kina wenyewe, na kambare waliomo hawaguswi mpaka mvua inyeshe.

Mwaka huo mahindi yalikauka. Kuvua kwa sumu kulikatazwa na serikali, lakini Susu alikuwa ametukataza zamani.

"Mutuku, wenyewe watakushika."

"Susu, umebatizwa na bado unaogopa pepo?" Kaka akacheka. "Waambie hao wenyewe waje tule pamoja jioni."

Nami nilicheka. Chupa ya dawa niliibeba mimi mpaka mtoni.

Akaimimina. Baada ya muda kambare walielea matumbo juu, wanene kama mkono wa mtu mzima. Wakaelea vyura, kisha visamaki vidogo ambavyo hakuna mtu angevipika. Mutuku aliingia mpaka kifuani akiwakusanya, na mikono ilipojaa akamshika mmoja kwa meno, kama alivyozoea.

Alipotoka alitema mate. Akatema tena. Mate hayakukoma.

"Kasyoka, sioni vizuri," aliniambia, mikono ikitetemeka.

Baba alimpakia kwenye baiskeli kumpeleka zahanati. Kabla ya adhuhuri alirudi akiisukuma polepole, Mutuku amefunikwa uso kwa koti la Baba. Susu hakulia mbele yetu. Alichukua jembe, akawafukia samaki wote, mbwa wasiwale.

Mvua ilinyesha mwezi wa Novemba, mto ukajaa hadi kingo. Kambare hawakuonekana, wala mwaka uliofuata. Usiku tulikosa hata sauti ya vyura.

Majirani walisema wenyewe wamemchukua. Mimi nimeokoka, na najua kilichomuua ni dawa. Lakini sasa naamini wazee waliona kwamba kambare wale wachache ndio mbegu ya mto mzima, wakawazungushia hofu kama mtu anavyozungushia shamba lake miiba. Sisi tuliona miiba tu, tukaicheka. Miaka mingi nimemlilia Mungu kwa ajili ya kicheko changu.

Ee Bwana, mpokee Mutuku. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka tule sote. Mwoshe, umpumzishe kwako. Amina.